Jina lake lipo, swali lake halipo

Mwaka 2014 nilipata kibarua cha siku moja, kupitisha karatasi ya mahudhurio kwenye mkutano wa wananchi kuhusu mgodi uliotaka kufunguliwa. Kazi yenyewe rahisi tu, mtu akifika anaandika jina anasaini, asiyejua kuandika unamshika kidole anaweka dole gumba, basi. Niliambiwa asipite mtu bila kusaini, kila jina ni muhimu, na mi nikakazana kweli.

Mtaalamu wa kampuni akaeleza karibu saa nzima na projekta yake, maji ya chini ya ardhi, vumbi, baruti, yote anasoma toka kwenye ripoti ya kurasa mamia iliyoandikwa kwa lugha ambayo wengi waliokaa pale hawaisomi, yeye anatafsiri juujuu anapita. Maswali yakaachiwa dakika za mwisho watu wameshachoka. Hapo ndo akasimama mzee mmoja aliyekuwa kaikodolea macho ramani muda wote, akasema hilo bwawa la tope la mgodi mmeliweka kule juu na sisi tunalala huku chini, likipasuka usiku nani atatuamsha?

Akajibiwa bwawa ni salama, limesanifiwa na wataalamu.

"Mwanangu, sijauliza kama ni salama. Nimeuliza nani atatuamsha."

Makofi yakapigwa, mwenyekiti akasema swali limepokelewa, tuendelee. Limepokelewa. Na mi nikaamini hivyo.

Wiki kadhaa baadae ripoti ya tathmini ya mazingira ikawekwa wazi kwa ajili ya maoni nikaenda kuisoma, nilitaka tu kuona walivyomjibu yule mzee. Nikatafuta ukurasa kwa ukurasa, swali halipo, hata mstari mmoja. Ila mwishoni kabisa nikakuta zile karatasi zangu zimepigwa kopi zote, na juu yake kichwa cha habari kinasema ni wananchi walioshirikishwa na kuunga mkono mradi. Dole gumba la mzee lipo pale, namba 61, nililolishika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwili ulinisisimka jamani, nilikaa kwenye lile benchi sijui muda gani.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilikuwa naelewa kushirikisha watu kukoje. Azimio la Rio la mwaka 1992, lile la Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, kanuni ya 10, linasema wazi mwananchi apewe taarifa na apewe nafasi ya kushiriki kwenye maamuzi ya mazingira. Na mwaka mmoja tu kabla ya mkutano wetu, 2013, kule India mahakama ya juu kabisa ya nchi ilikuwa imeagiza mabaraza ya vijiji vya milima ya Niyamgiri yaamue yenyewe kuhusu uchimbaji wa boksiti, madini ya kutengenezea alumini, vijiji 12 vikakaa kimoja baada ya kingine na vyote 12 vikakataa. Wale waliulizwa. Sisi tulihesabiwa.

Nikaenda kwa mzee na kopi yangu, nikamsomea. Akanyamaza, alafu akaniuliza taratibu, "Kwahiyo mwanangu, kile kidole nilikubali nini?" Nikamwambia baba, wewe ulikubali kwamba ulikuja tu. Nikamuomba radhi. Akasema basi chukua daftari uandike nilichosema.

Ndo tukaanza, swali lake likawa la kwanza, tukazunguka nyumba kwa nyumba mpaka yakafika maswali 43, na kila moja nilimsomea mwenyewe kwanza ndipo anaweka sahihi au kidole, pembeni ya maneno yake, sio pembeni ya jina tupu. Tukayapeleka kabla muda wa maoni haujaisha na tukadai mhuri wa kupokelewa. Mkutano ukaitwa upya, safari hii na muhtasari wa Kiswahili uliogawiwa mapema watu wakausoma majumbani kwao. Mgodi haukufutwa, na mambo ya vumbi tuligombana nayo muda mrefu sana, lakini bwawa lilihamishiwa upande wa pili wa mlima, king'ora kikafungwa, na njia ya kukimbilia ikachorwa tukaitembea wote, watoto kwa wazee.

Januari 2019 nikasoma habari za Brumadinho, Brazili. Bwawa la mabaki ya mgodi wa chuma lilipasuka mchana, watu 270 wakafa, wengi wao wafanyakazi, na kantini yao ilikuwa imejengwa chini ya bwawa hilohilo. Ving'ora havikulia. Hapo kwenye ving'ora nilirudia kusoma mara nyingi sana.

Jioni nikaenda kwa mzee kumhadithia. Alisikiliza mpaka mwisho kainamisha kichwa, alafu akauliza kitu kimoja tu.

"Na huko, walipowaita mkutanoni, kuna mtu aliuliza?"