Kumbukumbu ya mradi wa Hilux: gia zinakataa kuingia injini ikiwaka

Jumamosi

Hilux ninayoifufua kidogo kidogo uani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, ni ya zamani, yenye injini ya dizeli ya 3L na giaboksi ya gia tano. Tatizo lake jipya lilijitokeza kwenye mteremko wa kwenda kituo cha reli: gia ya pili iligoma kuingia, na baadaye, nilipotaka kurudi nyuma, rivasi ilikwaruza kwa sauti ya chuma kusaga chuma. Fundi jirani alishauri giaboksi iteremshwe mara moja. Ninauheshimu uzoefu wake, lakini kuteremsha giaboksi ya gari hili ni kazi nzito inayodai jeki imara na watu wenye nguvu, kwa hiyo nimeona ni vyema kwanza kuhakikisha kwamba ugonjwa umo ndani yake kweli.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata spana. Nilizima injini, nikapitisha gia zote tano pamoja na rivasi, na kila moja iliingia kwa ulaini bila kukwama. Hilo peke yake linaondoa sehemu kubwa ya shaka juu ya mkono wa gia na uma zinazosogeza gia ndani ya boksi. Kisha, gari likiwa limeelekea mahali pa wazi pasipo na mtu, niliweka gia ya kwanza, nikakanyaga klachi hadi mwisho na kuwasha. Gari likaruka mbele ilhali mguu wangu haujaondoka kwenye pedeli. Maana yake ni kwamba klachi haiachii: pleti ya klachi bado imebanwa kwenye flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini), shafti ya kuingiza nguvu kwenye giaboksi inaendelea kuzunguka pamoja na injini, na sinkronaiza, yaani pete za kusawazisha mwendo ndani ya giaboksi, haziwezi kulinganisha mwendo wa gia na kitu kinachosukumwa na injini nzima. Rivasi hulalamika zaidi kwa sababu katika giaboksi nyingi za aina hii haina sinkronaiza kabisa.

Kipimo kilichonipa mwelekeo ni kile cha mwisho. Nilipoipampu pedeli kwa haraka, ilipanda na kuwa ngumu kidogo, na gia ya kwanza ikaingia, ingawa kwa shingo upande. Presha pleti (bamba linaloibana pleti ya klachi) iliyovunjika au pleti iliyopinda haitengemai kwa kupampu pedeli, lakini mfumo wa mafuta wenye upepo au unaovuja hupata nafuu ya muda kwa njia hiyo hiyo.

Jumapili

Kikopo cha mafuta ya klachi kilikuwa kimeshuka chini ya alama, na mafuta yaliyobaki yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyokolea. Nilipapasa zulia na ukuta wa nyuma ya pedeli, nikakuta pakavu, hivyo masta ya juu, pampu inayosukumwa na pedeli, haikuwa ikivujia ndani. Nikaingia chini ya gari, ambako masta ya chini, silinda inayopokea msukumo wa mafuta, imefungwa kwa bolti mbili ubavuni mwa giaboksi, nikakunja taratibu ukingo wa mpira wake wa kuzuia vumbi, na mafuta yakanitiririkia vidoleni. Mpwa wangu alipokanyaga pedeli, fito la kusukuma uma wa klachi lilisogea kama milimita 4 tu.

Niliifungua masta hiyo mezani. Ukingo wa kabu, yaani kikombe cha mpira kinachozuia mafuta yasivuje, ulikuwa umelika upande mmoja, na kwenye ukuta wa silinda palikuwa na vishimo vya kutu ambavyo ukucha ulinasa kila ulipopita. Madoa mepesi husafishika kwa msasa laini, lakini kishimo kinachonasa ukucha kitaitafuna kabu mpya pia, kwa hiyo nimeamua kununua masta nzima badala ya mipira yake peke yake. Chanzo cha kutu hiyo hakinishangazi. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo yanayotumika kwenye klachi hii, hunyonya unyevu wa hewa, nasi tunaishi kando ya ziwa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huanza kuchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140, na maji hayo hayo huila silinda kwa kutu.

Jumanne jioni

Dukani nililinganisha kipenyo cha silinda na nafasi za matundu ya bolti kabla ya kulipa, kwa kuwa masta zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana kwa ndani. Baada ya kuifunga, tulianza kutoa upepo: mpwa wangu anapampu pedeli na kuishikilia chini, mimi nalegeza nipo (skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye masta ya chini), mafuta yanatoka kwa mpira mweupe hadi kwenye chupa, nami naikaza nipo kabla hajainua mguu. Kikopo hakikuachwa kipungue hata kidogo. Mapovu yalitoka kwa muda mrefu, mafuta meusi yakafuata, kisha yakaja masafi.

“Mjomba, sasa pedeli inanisukuma mguu,” akasema kutoka ndani.

Fito sasa linasogea milimita 13. Injini ikiwaka, gia zote zinaingia, na rivasi inaingia bila mkwaruzo nikisubiri kidogo baada ya kukanyaga klachi. Niliosha kwa maji mengi tone lililodondokea kwenye bodi, kwa sababu mafuta haya hubabua rangi.

Masta ya juu ina umri sawa na ile niliyoitoa, kwa hiyo naiagizia mipira mipya. Kwa sasa nimetia alama kwenye kikopo ili nione kama mafuta yatashuka tena.