Gumegume la Magadi

Jumamosi usiku.

Leo nimelivunja lile jiwe nililookota kando ya Ziwa Magadi. Limekaa dirishani mwezi mzima bila kutazamwa na mtu, maana kwa nje ni ganda jeupe lililokunjamana kama ngozi ya mamba. Nimelifunga kwa gunia, nikavaa miwani, nikapiga nyundo. Ndani ni kijani kilichofifia, laini, na pale lilipopasuka pana mawimbi kama upande wa ndani wa kombe.

Ndiyo cherti hiyo. Marehemu babu angeiita gumegume, jina alilolijua kutokana na bunduki za kale zilizowashwa kwa cheche za jiwe la jamii hii. Nimelikwaruza kwa msumari: msumari ndio ulioliwa, ukaacha alama ya kijivu inayofutika kwa kidole. Kioo cha chupa, jiwe limekichora bila taabu. Kisha siki. Unga wa tumbawe, ambao ni chokaa, umetoa povu; cherti imenyamaza. Kipimo hiki nakiamini kuliko macho, kwa sababu mawe ya chokaa huweza kufanana nayo sana.

Cherti ni silika, yaani madini yale yale ya mchanga mweupe, ila chembe zake ni ndogo hata hazionekani. Nyingi duniani zimetokana na mabaki ya viumbe vidogo vya baharini; hii yetu imezaliwa na magadi. Maji yale makali huyeyusha silika, kisha hutua madini yaitwayo magadiiti, na sodiamu ikishaoshwa hubaki jiwe gumu. Mwanajiokemia Hans Eugster aliyaeleza haya mwaka 1967. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba madini hayo yanabeba jina la ziwa letu.

Kinachonigusa zaidi ni Olduvai, bonde la Tanzania lenye zana za mawe za watu wa kale. Zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita, ziwa la huko lilipopungua, cherti ilijitokeza na wachongaji wa zana wakaifuata. Maji yaliporudi kuifunika, wakarudia mawe mengine. Yaani walijua kuchagua. Walishika, wakapima, wakapendelea.

Nimejaribu kigae kimoja cha jiwe langu, kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, kwenye nyanya iliyoiva. Kimepita ganda bila kusukumwa, na juisi haikumwagika hadi nilipoinua mkono. Nimekifunga kwa kitambaa, nikakiweka juu ya kabati, watoto wasikifikie.