Chausiku kaponea chupuchupu

Ndo tumetoka kwa daktari wa mifugo, mikono bado inanitetemeka jamani.

Paka wangu Chausiku ana miaka 14, nje hatoki, kazi yake kochi tu. Wiki mbili hizi anajikuna, karibu na mkia vidonda na vigaga, nikasema uzee huo, viroboto atawatoa wapi na yuko ndani?

Kumbe tunamletea wenyewe kwenye nguo.

Daktari kamchana na kitana, vumbi jeusi likadondokea kwenye tishu yenye maji... likasambaa jekundu.

Damu yake hiyo, viroboto wameinywa wakainya.

Nikanyamaza.

Sasa kilichonimaliza, juzi dukani waliniuzia matone ya viroboto ya mbwa, eti weka nusu tu. Nikayatoa kwenye pochi kumwonyesha, akaninyang'anya! Yana permethrini, sumu ya kuua wadudu, mbwa anaistahimili ila ini la paka haliiwezi, anatetemeka, degedege, anakufa. Na mimi nilipanga kumpaka leo usiku 😭

Kapewa ya paka, kwa kilo zake (3 tu, bibi kakonda), mazulia yote nimetoa juani.

Saa hizi yuko mapajani anakoroma.

Wenye paka wazee, vidonda vyao vilichukua muda gani kukauka?