Udi, Siki na Msala wa Mama

Nyumba yetu ni ya Mji wa Kale, Mombasa, ya kuta nene na madirisha machache, kwa hivyo mkojo wa paka ukishaingia hauna pa kutokea. Wageni wana adabu. Husema tu, "Leo mumefukiza udi mwingi." Na kweli tunafukiza. Lakini udi juu ya mkojo huzaa harufu ya tatu, mbaya kuliko huo mkojo wenyewe.

Tuna paka watatu. Siwataji majina kwa sababu mmoja wao hana hatia.

Kwa mama, jambo hili halianzii puani, linaanzia kwenye twahara. Paka mwenyewe si najisi. Tulisomeshwa chuoni habari ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, kisha akamwambia mkwewe aliyekuwa akishangaa kwamba Mtume amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani. Mkojo wake ni hukumu nyingine. Tone likigusa msala, msala huo hausaliwi mpaka utwaharishwe. Basi kwetu kufua kuna utaratibu: kwanza tambara kavu la kunyonya, kisha maji ya kumimina mpaka najisi iondoke, ndipo sabuni. Nimekuja kuona kwamba hata asiyesali angefaidika na mpango huu, kwani anayeanza kwa kusugua anauzamisha mkojo ndani ya nyuzi.

Jiki tumeiacha. Mkojo uliolala hutoa amonia, na amonia ikikutana na jiki hutoka hewa ya sumu inayochoma macho na kifua. Kwa vyumba kama vyetu huo ni mchezo wa hatari. Na tatizo haliishi, maana kinachobaki ni asidi ya yuriki, isiyoyeyuka vizuri kwa maji. Hukaa kama chembe ndani ya zulia na sponji ya godoro, na unyevu wa masika ukija harufu inafufuka upya, wewe ushasahau kabisa. Siki iliyozimuliwa na jua kali vinapunguza. Dawa zenye vimeng'enya ndizo hasa zinazoimega asidi hiyo, ila bei yake hapa mjini inakufanya umtazame paka kwa jicho la pili.

Mdogo wangu ana duka, na dukani ana kile kitaa cha zambarau cha kukagulia noti bandia. Usiku mmoja akaja nacho, tukazima taa, tukapita chumba kwa chumba. Mkojo mkavu hung'aa kijanikimanjano chini ya mwanga ule. Miguu ya kochi, nyuma ya kabati la vyombo, pazia, pembe ya kitanda changu! Mama akasema, "Washa taa, yatosha." Sikuwasha. Nilikuwa nimeona kitu: alama nyingine zilikuwa juu ukutani, karibu na usawa wa goti, na nyingine zilikuwa madimbwi ya sakafuni, tena juu ya vitu laini. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Za ukutani ni za kupuliza. Dume husimama, hugeuza mgongo, mkia juu unatetemeka, anarusha. Kibofu hakijambana, anawatangazia wenziwe kwamba hapa pana mwenyewe. Dawa yake inajulikana, ni kuhasi, na madume takriban 9 kati ya 10 huacha au hupunguza sana. Hata ule ukali wa harufu hushuka, kwa kuwa unatokana na homoni za kiume. Kwetu ilibidi sheikh aulizwe kwanza, maana wapo wanaosema ni kubadilisha umbile la Mungu. Huyu akasema kama pana maslahi na mnyama hadhuriki, yeye haoni ubaya. Dume letu kijana likaenda kwa daktari wa mifugo na kurudi siku hiyo hiyo, limelewa dawa, limekasirika.

Madimbwi yalikuwa ya paka wetu mzee. Mama alishamhukumu: ana kinyongo, analipiza kwa vile alifukuzwa kitandani. Daktari akamminya tumbo, akatazama meno, akachukua damu. Figo zimechoka. Ndiyo maana anakunywa maji mengi na kukojoa mengi, na beseni la mchanga lilikuwa chini, ngazi ni za mwinuko, na miguu yake ni ya uzee. Msala ulikuwa karibu, na ulikuwa laini. Kinyongo kiko wapi hapo?

(Mwenye dume akimwona anachuchumaa mara kwa mara, anajikamua na hakitoki kitu, asingoje kupambazuke. Njia ikiziba, siku moja au mbili zinatosha kumuua. Binamu yangu alidhani ni tumbo limefunga.)

Sasa kila orofa ina beseni lake, na jingine la ziada, na mchanga huchotwa asubuhi na jioni. Msala hutundikwa msumarini mara tu baada ya sala. Zipo siku nakanyaga kitu baridi gizani na nasema maneno yasiyofaa kuandikwa. Kilichonibadilisha si daktari, ni mama mwenyewe. Usiku mmoja tulikutana ukumbini, mimi na tambara, yeye akitoka chooni, na yule mzee kakaa katikati yetu. Mama akacheka. "Mwache, mwanangu. Unajua mimi nimeamka mara ngapi usiku huu?"

Tangu siku hiyo neno kinyongo sijalisikia tena kwake.

Limebaki dume la jirani. Huupuliza mlango wetu wa nakshi kila alfajiri, na likifanya hivyo letu nalo huanza kuzungukazunguka likinusa kuta. Jirani hataki habari za kuhasi, na ananukuu masheikh wake. Kesho nitamwendea tena na sahani ya mahamri. Akikataa, nitaendelea kuosha mlango kwa siki, naye ataendelea kuniuliza kwa nini nyumba yetu inanuka achari.