Sauti ya Kuguna

Majira ya baridi ya 2008 nilipanga chumba Toronto, kwa bibi mmoja mwalimu mstaafu wa piano. Kila Jumapili jioni walimjia kaka yake na jirani mmoja mpiga kinanda wa kanisani, wakanywa chai na kusikiliza santuri. Mimi mtoto wa Tanga nimekulia kwenye taarabu, ambako ubeti ukikukuna unainuka ukamtunze mwimbaji. Hawa walisikiliza kama waliofiwa.

Jumapili moja ilikuwa zamu ya Goldberg Variations za Bach, mtunzi Mjerumani, zilizochapishwa 1741: wimbo mmoja wa polepole, aria, kisha vipande 30 vilivyojengwa juu ya besi yake, halafu aria tena. Mpigaji Glenn Gould, mpiga piano, mtoto wa mji huohuo. Santuri ya kwanza aliirekodi 1955 akiwa na miaka 22. Aria haikutimiza dakika mbili, mara vidole vikatoka mbio.

Nikasikia mtu anaguna. Nikatazama mlangoni.

"Kuna mtu hapo nje," nikasema.

Wakaangua kicheko. Kumbe ni Gould mwenyewe! Alikuwa hawezi kupiga bila kuimba chinichini, na mafundi mitambo hawakuwa na la kumfanya.

Kicheko kilipoisha, jirani akaanza. Kijana huyu anakimbizwa na nani? Akafunua kitabu cha nota, akawa anagonga ukucha kwenye alama za kurudia: Bach kataka kila sehemu ipigwe mara mbili, Gould kaziruka zote. Tena muziki wenyewe uliandikiwa hapsikodi ya safu mbili za vitufe, kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa, hazigongwi kama za piano. Kaka mtu akamkatiza: kabla ya santuri hiyo, kwake Bach alikuwa dawa ya usingizi.

Bibi hakumjibu yeyote. Akaweka santuri ya pili, muziki uleule, Gould yuleyule, 1981. Sasa aria ikapita dakika tatu. Kati ya nota na nota niliweza kusikia birika likipoa. Ya kwanza nzima ilikuwa dakika 38 hivi, hii 51, na jirani aliyechukia mbio sasa akachukia kujikokota.

"Anahesabu nota kama bahili na senti zake!"

Kwa alama za kurudia nilimkubalia, ila kwa bahili alimwonea. Kaka mtu alivua miwani, akasema taratibu kwamba Gould alifariki Oktoba mwaka uliofuata, na umri wake miaka 50. Hapo hata jirani akanyamaza.

Aria iliporudi mwishoni, kuguna kulikuwa kumekuwa kuzito, kwa karibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Nikashindwa kukaa. Nikainuka, nikatoa sarafu ya dola 2, nikaiweka juu ya meza ya gramafoni.

"Hiyo ya nini?" Bibi akauliza.

"Ya mwimbaji."