Makontena ya Watu Wengine

Mwaka 2008 niliitengenezea ofisi moja ya kliaringi, ya kutoa mizigo bandarini, ukurasa wa wavuti. Ofisi ilikuwa Mombasa, ghorofani, Barabara ya Moi, hatua chache kutoka Pembe za Ndovu. Karani aandike namba ya kontena, na ukurasa, bila kujifungua upya, umletee jina la mwenye mzigo na siku zilizobaki kabla storeji, ada ya kuweka mzigo bandarini, haijaanza kuhesabiwa. Ajax, mbinu hiyo ya ukurasa kuiuliza seva kimyakimya, ndiyo ilikuwa habari ya mjini, nami nikajiona fundi.

Wiki haijaisha, simu: "Kijana, kitu chako kinatuletea makontena ya watu wengine."

Nilienda mbio. Nikaandika namba, herufi nne na tarakimu saba, kwa vidole vyangu viwili. Jibu sahihi. Nikaandika nyingine, sahihi tena. Mama wa kaunta alikuwa kasimama nyuma yangu, miwani ikimning'inia kifuani. Nikamwambia kwa adabu, "Labda ulikosea tarakimu, Mama." Hakunijibu. Naona haya mpaka leo.

Mshukiwa wangu alikuwa kivinjari cha Internet Explorer, kilichokuwa na tabia ya kuweka jibu la ombi la GET, lile la kusoma tu, kisha kukurudishia lile lile la jana bila kuiuliza seva. Basi nikabandika saa ya wakati huo mwishoni mwa anwani ya kila ombi, ili kila moja lionekane jipya. Dawa ya kweli, ila si ya ugonjwa huu. Kesho yake simu ikalia tena.

Safari hii nilimwomba Mama aandike yeye. Loo! Alikuwa kajifunza kupiga chapa enzi za mashine za chuma. Vidole vyote kumi vilikwenda kama cherehani. Kontena sahihi likatokea, na kabla sijavuta pumzi likabadilika kuwa la mtu mwingine kabisa.

"Umeona, mwanangu?"

Nikafungua Firebug, chombo cha kuchungulia maombi ya ukurasa, ndani ya kivinjari cha Firefox, akarudia. Skripti yangu ilikuwa ikituma ombi kwa kila kitufe kuanzia herufi ya nne: namba moja, maombi manane. Ombi la kwanza, lenye zile herufi nne tu, liliokota mamia ya makontena, nami nilikuwa naonyesha lililo juu ya orodha. La mwisho lilipata kontena moja, likarudi upesi. Seva ilikuwa Marekani, na intaneti yetu ilipitia setilaiti. TEAMS, kebo ya intaneti ya chini ya bahari, ilikuja kutua Mombasa baadaye, Juni 2009. Mzigo mzito wa jibu la kwanza ukajikokota, ukafika mwisho, ukafuta lililo sahihi. Wala hapakuwa na alama ya kosa: kila jibu lilifikia hali 4, yaani limekamilika, na msimbo 200, yaani sawa, salama salimini. Nikiandika mimi, nadonoa kama kuku. Majibu yote ya nyuma yalikuwa yameshafika kabla sijaipata tarakimu ya mwisho.

Nilimweleza Mama nikitafuta maneno. Akanikatiza.

"Si umetuma watoto wawili? Wa kwanza umempeleka soko la Kongowea na kikapu, wa pili duka la hapo chini. Sasa wewe wamngojea nani arudi mbele?"

Marekebisho yalikuwa mistari minne. Kila ombi nikalipa namba ya zamu; jibu likirudi na zamu isiyo ya mwisho, linatupwa. Nikaongeza pia kituo cha theluthi ya sekunde baada ya kitufe cha mwisho, ombi lisiondoke mtu angali anaandika.

Mama akakaa, akaandika namba tano mfululizo. Zote zikatulia. Akavua miwani, akanisogezea kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata.

"Na ile tarakimu niliyokosea?"

Nikaitia kashata mdomoni, nzima.