Radi na Viatu vya Matairi

Radi alikufa Jumamosi usiku, Juni 2017, sebuleni kwetu Mwanga, Kigoma, na aliyemuua ni mimi.

Alikuwa mhusika wa binamu yangu, binti wa shangazi, aliyekuja Kigoma likizo kwa treni kutoka Dar es Salaam. Kwenye begi lake alibeba viatu vya matairi, vile vyenye magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja chini ya soli. Sisi huku tulikuwa na mchezo wetu: mimi, mdogo wangu, na jirani yetu fundi baiskeli. Ulikuwa Dungeons & Dragons, ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974. Mnakaa mezani, mmoja anasimulia (kwetu ni mimi), wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi na anaamua afanye nini. Penye mashaka, dadu ya pande 20 inaamua. Kanuni za msingi zilikuwa bure kwenye intaneti, nikazichapisha kidogo kidogo kila nilipopata hela. Dadu ya namna hiyo sikuipata mjini, kwa hiyo niliandika namba 1 hadi 20 ndani ya vizibo vya soda na kuvitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kila kizibo kikishachotwa kilirudi ndani, kopo likatikiswa, ndipo mwingine akachota. Hilo sikulilegezea hata siku moja, maana namba kubwa zikibaki nje, anayefuata anaonewa.

Hadithi yetu ilikuwa ya Kigoma ya miaka mingi ijayo. Radi alikuwa mpeleka barua wa siri, akisafiri kwa viatu vya matairi tangu utotoni. Usiku ule maadui watatu walimbana kwenye jukwaa la stesheni, ileile ya Wajerumani ambayo reli iliifikia mwaka 1914. Kwenye kanuni, raundi moja ya vita ni sekunde 6, na mtu wa kawaida huenda futi 30, kama mita 9. Za viatu vya matairi hazikuwemo. Nikatunga palepale: mwendo wake uwe mara mbili, lakini kila zamu achote kizibo, na chini ya 10 anaanguka. Niliona nimetenda haki, amepewa kasi na ameilipia.

Akachota 7. Akainuka, na kuinuka kunakula nusu ya mwendo. Akachota 3. Mtu akiwa chini, adui aliye karibu naye huchota mara mbili na kuchukua namba iliyo kubwa. Mara ya tatu akachota 9, na mapigo yaliyofuata yakammaliza Radi.

Binamu yangu hakupiga kelele. Alikilaza kile kizibo cha 9 mezani, taratibu, namba ikiwa juu.

“Kaka, huyu amekulia kwenye hivi viatu. Mimi nina miezi minane tu navyo. Umeshaniona naanguka kila nikipiga hatua mbili?”

Akaenda kulala. Nikabaki nahesabu: vizibo 9 kati ya 20 vilikuwa vya kumwangusha. Karibu nusu! Fundi baiskeli mwenyewe aliniambia, kwa upole, kwamba kwa hesabu hiyo hata yeye asingefika kazini kwa baiskeli.

Alfajiri ya Jumapili nikamgongea mlango. Nilimwambia nimekosea na nataka kujifunza. Tukatafuta kipande cha lami kilicho tambarare, magari hayajaanza, mimi nimebeba kamba ya uvuvi niliyoifunga fundo kila mita moja, mdogo wangu ameshika simu ya kuhesabia sekunde.

Kutoka kusimama, ndani ya sekunde 6 alikwenda mita 22. Sekunde 6 zilizofuata, akiwa tayari kwenye mwendo, mita 35. Kumbe kasi haitoki mara moja, inajengeka! Nikamwambia asimame ghafla. Akainua ncha ya mguu wa kulia, ile raba ya breki iliyo nyuma ya kisigino ikakwaruza lami kwa sauti inayosisimua meno, naye akasimama mita 8 mbele ya alama yangu. Tulirudia mara tano. Hakuanguka hata mara moja, ila hakusimama nilipotaka hata mara moja.

Halafu nikakumbatia mto wa kitandani kifuani, nikampa mti wa ufagio. Akiwa amesimama tu, alinipiga na yeye mwenyewe akarudi nyuma karibu hatua mbili, maana hana pa kukanyagia. Alipokuja na kasi yake, nilikwenda chini mimi na mto wangu, kiwiko kikachubuka. Alianguka mara moja tu asubuhi nzima, palipomwagika kokoto za ukubwa wa maharage. Gurudumu dogo likanasa, magoti yakatangulia. Nilimfuta damu kwa kanga ya mama, akanionyesha lile jiwe lenyewe kiganjani. “Hili ndilo la kuchotea kizibo,” akasema.

Baadaye nilisoma kuhusu John Joseph Merlin, aliyejitengenezea viatu vya magurudumu London karne ya 18. Inasimuliwa kwamba aliingia navyo kwenye dhifa akipiga fidla, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kioo kikubwa cha ukutani. Kuteleza alijua. Kusimama ndiko kulikomshinda.

Jioni ile nikaandika upya. Raundi ya kwanza mwendo mara mbili, ya pili mara tatu. Kabla ya kuondoka, mchezaji ataje atasimamia wapi, na asiache chini ya futi 25 za kusimamia. Akipiga akiwa amesimama, anarudi nyuma futi 5. Akipiga akiwa kwenye kasi, pigo linaongezeka. Kizibo ni kwa kokoto, kona ya ghafla, na pigo linalompata akiwa njiani.

Tukamrudisha Radi pale alipokuwa kabla ya anguko la kwanza. Maadui watatu, jukwaa refu, barua ndani ya koti. Binamu yangu akatazama mchoro, akaweka kidole mwisho wa jukwaa mahali atakaposimamia, kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye kopo.

“Acha,” nikamwambia. “Sakafu ni safi. Nenda.”